Wafungua Njia wa Uti wa Mgongo

Juu kabisa ndani ya pua, mahali kidole hakifiki, pana utando mdogo unaofanya kazi iliyoushinda ubongo wenyewe. Seli za neva zilizomo humo, zinazotujulisha kwamba asumini imechanua au maziwa yameungua, hufa na kuzaliwa upya maisha yetu yote. Kila seli mpya huchipua uzi mwembamba. Uzi huo hupenya vitundu vya mfupa unaotenganisha pua na ubongo, ukaingia ubongoni, ukatafuta mahali pake na kuunganika hapo. Bibi wa miaka 80 anafanya hivyo akiwa amekaa barazani, wala hana habari. Lakini uzi wa neva ukikatika ndani ya uti wa mgongo, mambo ni mengine: ncha yake hujaribu kusogea, hukwama, na mwenyewe hubaki amepooza.

Kwa nini huku inawezekana na kule haiwezekani? Swali hilo limewala watu wachache umri wao mzima. Magazeti hupenda kuandika habari za aliyesimama tena baada ya kupooza, na nani asiyefurahia habari kama hiyo? Mimi huvutiwa zaidi na mikono iliyomfikisha hapo: jinsi ilivyojifunza kukata, kuhesabu, kukuza, kuchoma sindano na kungoja, katika kazi ambayo fundi mwenyewe haungi chochote. Hakuna mkono uwezao kuunganisha uzi mmoja wa neva na mwenzake ndani ya uti wa mgongo. Fundi huondoa vizuizi, akaandaa mahali, kisha akauachia mwili ufanye uliobaki.

Uti wa mgongo wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 45 na unene unaokaribia wa kidole kidogo cha mkono. Ni laini, wala hauvumilii kuguswaguswa. Ndani yake zinapita nyuzi nyingi mno, nyingine zikishusha amri za ubongo kwenye misuli, nyingine zikipandisha habari za joto, maumivu na mahali mguu ulipo. Ukipondwa au kukatwa, damu huvuja, uvimbe huingia, seli hufa, na baada ya wiki kadhaa kovu hujengeka. Kovu hilo si adui mtupu, kwa kuwa huzuia madhara yasisambae kwenye sehemu nzima. Tatizo ni kwamba limejaa kemikali zinazoziamuru nyuzi zisimame. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliziona kwa hadubini ncha za nyuzi zilizovimba na kukwama mbele ya donda. Akahitimisha kwamba njia za ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima zimeshafungwa, ingawa aliwaachia wanasayansi wa baadaye kazi ya kuibadilisha hukumu hiyo, kama itawezekana.

Mmoja wa walioichukua kazi hiyo ni Geoffrey Raisman, Mwingereza aliyezaliwa Leeds mwaka 1939. Akiwa Oxford katika miaka ya 1960, alichagua sehemu moja ndogo ya ubongo wa panya inayopokea nyuzi kutoka pande mbili zinazojulikana vizuri. Aliikata njia moja, akasubiri, kisha akaikata sehemu hiyo vipande vyembamba mno na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Katika picha hizo, mahali neva mbili zinapokutana huonekana kidoa cheusi tu, kingine kikiwa kimefifia, kingine kimekatwa mshazari. Kazi ni kuvihesabu, picha baada ya picha, na kuamua kila kidoa ni cha nani. Raisman alihesabu. Nafasi zilizoachwa na nyuzi zilizokufa hazikubaki tupu. Nyuzi za upande wa pili zilikuwa zimezichukua. Makala yake ilitoka mwaka 1969, wakati wataalamu wengi wakiamini ubongo uliokomaa haubadiliki tena, na haikupokelewa kwa mikono miwili. Hata hivyo hesabu zilikuwa mezani. Bila hizo angekuwa mtu mwenye maoni, na maoni hayajapata kuwa haba.

Mwaka 1974 alihamia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, Mill Hill, kaskazini mwa London. Huko akaigeuzia hadubini njia ya harufu, hasa pale neva za pua zinapoingia ubongoni. Mahali pengine popote, mpaka wa ubongo umezibwa na seli zilizobanana, na uzi unaotoka nje hugonga hapo ukarudi. Kwenye njia ya harufu, mwaka 1985, Raisman alieleza mpangilio wa seli za pekee zinazozifumbata nyuzi kuanzia puani na kuingia nazo hadi ndani. Tuziite seli za ala, kwa kuwa huwa zimezivika nyuzi pande zote. Zinafanya kazi ya mtu anayetangulia porini na panga: hafiki kokote kwa faida yake, hageuki kuwa msafiri, ila anayemfuata hupita. Zikikutana na seli za mpakani, hazipigani nazo. Zinazifanya zifunguke, zikatoa nafasi.

Wazo likafuata lenyewe: zikichukuliwa seli hizo zikapandikizwa penye donda la uti wa mgongo, huenda zikafungua njia huko pia. Wazo jema huja kwa dakika moja. Kulithibitisha kulichukua miaka 12. Mwaka 1997, Raisman pamoja na Ying Li na Pauline Field walichapisha matokeo yao. Walikuwa wamemkata panya njia moja tu, upande mmoja, karibu na shingo. Njia hiyo ndiyo inayobeba amri za mwendo stadi wa mkono. Uzuri wa jaribio ulikuwa kwenye udogo wa jeraha. Wangeuponda uti wote, kusingekuwa na wa kujua uzi upi umekua na upi ulinusurika tangu mwanzo. Kwa kukata kidogo na mahali palepale kila mara, waliweza kusema kwa hakika: nyuzi hizi zimepita penye donda, na zimepita zikiwa ndani ya seli tulizoziweka. Panya aliyekuwa ameshindwa kunyoosha mkono kupitia uwazi mwembamba kuchukua chakula, akaanza kuutumia mkono wake tena.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu, wa kwanza kuvuka kwa utaratibu unaoheshimika walikuwa watu wa Brisbane, Australia. Mwaka 2002, kundi la Alan Mackay-Sim wa Chuo Kikuu cha Griffith lilianza jaribio kwa wagonjwa wachache waliopooza miguu. Walichukua kipande kidogo cha utando kutoka puani mwa mgonjwa mwenyewe, wakakuza seli za ala, wakazipandikiza kwa wagonjwa watatu. Wengine hawakupandikizwa, ili wawepo wa kulinganisha nao. Waliokuwa wakiwapima wagonjwa hawakuambiwa nani kapandikizwa na nani hakupandikizwa. Baada ya miaka mitatu walitangaza matokeo bila kuyatia chumvi: hakuna aliyedhurika, na hakuna aliyetembea. Mtu anayetafuta muujiza atayapita matokeo hayo kwa haraka. Fundi huyasoma mara mbili, kwa sababu bila kujua kwamba sindano haiharibu kilichobaki, hatua inayofuata isingekuwa halali kwa yeyote.

Hatua hiyo ilichukuliwa Wrocław, Polandi. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na neva, Paweł Tabakow, naye alianza kwa kuwapandikiza wagonjwa watatu seli zilizokuzwa kutoka puani. Baadaye, kwa kushirikiana na Raisman, ambaye sasa alikuwa katika chuo cha UCL, London, akaamua kwenda kwenye chimbuko lenye nguvu zaidi: kitovu cha harufu kilicho chini ya ubongo. Vipo viwili, kimoja kila upande, kwa hiyo kimoja kinaweza kutolewa. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 38 aliyechomwa kisu mgongoni mwaka 2010. Uti wake ulikuwa umekatika karibu wote katika usawa wa kifua. Kilichosalia ni ukanda mwembamba wa kovu upande wa kulia.

Tutazame kazi yenyewe, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Upasuaji wa kwanza, mwaka 2012, ulikuwa wa kichwani, kukitoa kitovu kimoja cha harufu. Tishu hiyo ikapelekwa maabara, ikakatwakatwa, ikalainishwa hadi seli zikaachana, zikawekwa kwenye visahani vyenye majimaji ya lishe ndani ya kabati la joto la mwili. Yanayofuata ni ulezi. Majimaji hubadilishwa, seli hukaguliwa kwa hadubini, na aina yake huhakikishwa kwa rangi maalumu zinazoshika seli za ala na kuziacha nyingine. Ndani ya visahani hivyo pia zimo seli za tishu unganishi, ambazo hukua haraka. Zikizidi zitazisonga seli zinazotakiwa. Zikikosekana kabisa, seli za ala hazistawi vizuri. Fundi wa maabara anatafuta mchanganyiko unaofaa, na muda wake ni mfupi, kwa kuwa seli zinazokaa sana kwenye kisahani huanza kupoteza tabia yake. Baada ya takriban wiki mbili walikuwa na seli kama 500,000. Kwa macho, hilo ni tone moja tu.

Ukaja upasuaji wa pili. Mgongo ukafunguliwa, kovu likaondolewa kwa uangalifu chini ya hadubini ya upasuaji, na pengo lenyewe likaonekana: milimita 8. Tone lile likagawanywa katika sindano ndogondogo zipatazo 100, zikachomwa juu na chini ya pengo. Kila kuchoma ni hatari mpya, kwa kuwa sindano ileile inayopeleka seli inaweza kuchana nyuzi nzima zilizosalia, na majimaji yakiingia kwa kasi huziponda. Kwa hiyo huingizwa kidogo kidogo, husubiriwa, ndipo sindano hutolewa. Fikiria kulirudia hilo mara 100 pasipo mkono kuchoka wala akili kutangatanga. Kisha vipande vinne vyembamba vya neva vilivyotolewa kwenye kifundo cha mguu cha mgonjwa vikalazwa juu ya pengo viwe daraja. Wazo la daraja hilo lina historia yake: mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montréal walionyesha kwamba nyuzi za uti wa mgongo wa panya zinaweza kukua ndani ya kipande cha neva ya pembeni kwa sentimita kadhaa. Lakini zilikuwa zinashindwa kutoka upande wa pili na kuingia tena utini. Wrocław waliweka vyote viwili: daraja la kupitia, na seli za ala za kufungua milango ya kuingia na kutoka.

Baada ya hapo kazi iliwahamia watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye magazeti. Kabla ya upasuaji mgonjwa alikuwa amefanyishwa mazoezi makali ya viungo kwa miezi mingi, bila dalili yoyote ya nafuu. Hilo lilifanywa makusudi. Kama angepata nafuu baadaye, isingekuwa rahisi kusema ni mazoezi tu. Baada ya upasuaji mazoezi yakaendelea, saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki. Mtaalamu wa fiziotherapia humshika mgonjwa goti, akalikunja, akalinyoosha, akamwambia ajaribu mwenyewe, akaona hakuna kitu, akaanza tena. Uzi wa neva hukua kwa kipimo cha kama milimita moja tu kwa siku, ukienda vizuri, na ukifika haujui kazi yake mpaka ifundishwe. Karibu miezi mitatu baadaye, paja la kushoto lilianza kujaa msuli. Mwezi wa sita alipiga hatua zake za kwanza katikati ya vyuma vya kushikilia, miguu ikiwa imefungwa vishikizo, mtaalamu akiwa ubavuni. Makala ilipotoka mwaka 2014, alikuwa akitembea nje kwa msaada wa fremu, na hisia za kibofu na utumbo zimerejea kwa kiasi fulani. Mtu mzima huelewa uzito wa jambo hili la mwisho. Waliopooza wengi wakiulizwa wanataka nini kwanza, hawataji kutembea. Hutaja choo, mkojo, ndoa.

Ukiisoma makala hiyo, utaona waandishi wamejibana. Ni mgonjwa mmoja. Jeraha lake lilikuwa la kisu, ukingo safi, ilhali wengi huumia kwa kupondwa, na uti uliopondwa huharibika kwa urefu na bila mpaka unaoeleweka. Wakosoaji walisema yote hayo, na walikuwa na haki. Jibu la Wrocław lilikuwa la kifundi: mwaka 2016 walitangaza kuwatafuta wagonjwa wengine, mahali popote duniani, waliokatwa uti kwa namna hiyohiyo, ili warudie. Hawakuongeza chumvi kwenye ushahidi walionao, walitafuta mwingine. Raisman alifariki Januari 2017, kazi hiyo ikiwa bado haijakamilika.

Thamani ya ulezi wa visahanini huonekana pale unaporukwa. Nchini Ureno palikuwa na njia nyingine: kuchukua utando wa pua mzima mzima na kuuweka penye donda, bila kuchambua seli. Mwaka 2014 madaktari wa Iowa, Marekani, waliripoti habari za mgonjwa aliyepandikizwa hivyo miaka minane kabla. Alikuwa na maumivu mgongoni, na walipompasua walikuta uvimbe wenye tishu za pua, unaotoa ute uleule wa puani. Utando ulikuwa umefanya kazi yake kama kawaida, ila mahali pasipo pake. Tofauti kati ya tiba na balaa hapo ni kazi ya maabara, kuzitenga seli zinazofungua njia na kuziacha zinazotoa kamasi.

Na kabla hatujausifu mkono wa sindano kupita kiasi, tukumbuke mkono mwingine uliotoka katika mji huohuo wa Tabakow. Wrocław, ulipokuwa mji wa Ujerumani ukiitwa Breslau, ndipo Ludwig Guttmann alipojifunzia utabibu wa neva. Kwa kuwa alikuwa Myahudi alilazimika kukimbia, akafika Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1944 akapewa wodi ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Enzi hizo wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakingojewa wafe, na wengi walikufa haraka kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Guttmann hakuwa na seli za kupandikiza. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mara nyingi alipita mwenyewe usiku kuhakikisha. Mwaka 1948 aliwapanga wagonjwa wake kwa mashindano ya kulenga mishale, chimbuko la michezo ya Paralimpiki. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: alama nyekundu kwenye nyonga, isiposhughulikiwa leo, kesho ni shimo linalofika mfupani. Ufundi wa kugeuza ndio uliowaweka watu hai mpaka ufundi wa seli ukawakuta.

Seli za kupandikiza sasa zinatafutwa kwa njia zaidi ya moja. Katika Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, Hideyuki Okano na Masaya Nakamura walianza Desemba 2021 kuwapandikiza wagonjwa seli changa za neva zilizotokana na seli za kawaida zilizorudishwa utotoni, ugunduzi uliompa Shinya Yamanaka Nobel ya mwaka 2012. Walipandikiza wagonjwa wanne, kila mmoja seli kama milioni mbili, wiki chache baada ya ajali. Mwaka 2025 walieleza kwamba wawili walipata nafuu ya kuonekana na hapakuwa na madhara makubwa. Wao wenyewe walikumbusha kwamba wapo wanaopata nafuu bila kupandikizwa, kwa hiyo majaribio makubwa zaidi yanahitajika. Kule Griffith nako wamerudi kwenye seli za pua, safari hii wakizikuza hadi ziwe kidaraja kabla ya kuzipandikiza, na kuyaweka mazoezi marefu kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Kwetu, ambako watu huvunjika uti kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, kwa bodaboda na kwa magari, habari hizi hufika zikiwa zimepambwa. Zipo kliniki za nchi za mbali zinazouza sindano za seli kwa fedha ambazo familia huuza shamba kuzipata. Kazi ya akina Raisman, Mackay-Sim na Tabakow imetuachia, pamoja na mengine, maswali ya kumuuliza anayeuza. Seli hizo ni za aina gani, na nani amehakikisha? Wangapi wamepandikizwa, na wamelinganishwa na nani? Aliyewapima alijua nani kapandikizwa? Mgonjwa alifanyishwa mazoezi kwa muda gani kabla, na atafanyishwa kwa muda gani baadaye? Matokeo yamechapishwa wapi, mabaya pamoja na mazuri? Wale watatu walitumia miaka mingi kujibu maswali kama hayo kabla hawajaulizwa. Muuzaji asiyeweza kuyajibu kwa robo saa asipewe hati ya shamba.